Kichwa Kuingia Si Kukubali: Namna ya Kuchagua Adapta ya Kompyuta Ndogo ya Mezani

Siku hizi hapa Tanga ukiingia steshenari za Ngamiani, au ofisi ndogondogo za Chumbageni na Makorora, usishangae kukuta kompyuta ya mezani isiyo na lile boksi kubwa la kuwekwa chini ya meza. Kuna kiboksi chembamba tu, kimejibanza nyuma ya skrini au pembeni ya printa. Nyingi ni mtumba: OptiPlex Micro za Dell, EliteDesk Mini za HP, ThinkCentre Tiny za Lenovo, mashine zilizostaafu kwenye maofisi ya nje zikaja kuanza maisha mapya huku kwetu. Nyingine ni mpya kutoka China, za majina ambayo hata muuzaji hajui kuyatamka.

Kasheshe inaanza pale mashine inapouzwa bila chaja, au chaja yake inapokufa. Mama mwenye steshenari anakibeba kiboksi chake hadi dukani. "Kaka, una chaja ya hii?" Kijana anazamisha mkono kwenye ndoo ya chaja zilizosokotana. Ya kwanza haiingii. Ya pili inaingia lakini inacheza. Ya tatu inaingia sawasawa, taa inawaka. "Hiyo imekubali, mama." Hela inatolewa, watu wanaagana. Wiki haijaisha, mashine inajizima katikati ya kuprinti barua ya mteja, au haiwaki tena kabisa.

Hapo ndipo utasikia kila aina ya maelezo. Ampea zilikuwa nyingi, zimeiunguza. Mashine zenyewe feki hizi. Umeme ulikatika, uliporudi ukaja na nguvu. Hilo la mwisho wakati mwingine ni kweli. Lakini mara nyingi chanzo ni kwamba adapta ilichaguliwa kwa kuangalia kichwa chake, yaani ile ncha ya waya inayochomekwa kwenye kompyuta, na kichwa ndicho kitu kinachosema machache kuliko vyote.

Adapta, ile tunayoiita chaja hata pasipo na betri ya kuchajiwa, ni kile kidude cheusi kinachokaa kati ya soketi na kompyuta. Umeme wa ukutani hapa Tanzania ni wa volti 230, na mwelekeo wake unageuka mara 100 kila sekunde. Vipuri vya ndani ya kompyuta havili umeme wa namna hiyo. Vinataka umeme mdogo, unaokwenda upande mmoja, usioyumba. Kompyuta kubwa ya mezani ina kifaa cha kuubadili humo humo ndani ya boksi. Kiboksi kidogo hakina nafasi hiyo, wala hakitaki lile joto, kwa hiyo kazi imehamishiwa nje. Wachache wameibakiza ndani: Mac mini, tangu ile ya mwaka 2010, inachomekwa ukutani moja kwa moja na mada hii haiihusu.

Sasa volti, ampea na wati. Chukua simtanki lililowekwa juu ya mnara nyumbani. Kimo cha mnara ndiyo volti: ndicho kinachoamua maji yatasukumwa kwa nguvu kiasi gani. Ampea ni maji yanayopita bombani, na yanapita kwa kadiri ulivyofungua bomba wewe. Simtanki la lita 5,000 halikulazimishi kujaza ndoo zaidi ya unazotaka. Mnara ukiwa mrefu kupita kiasi, mabomba yanapasuka. Ukiwa mfupi, maji hayafiki. Wati ni volti mara ampea, yaani kiasi cha kazi inayoweza kufanyika kila sekunde.

Maana yake ni kwamba volti zinasukumwa na adapta, ampea zinavutwa na kompyuta. Adapta iliyoandikwa ampea 6 haipeleki ampea 6 kwa nguvu kwenye mashine inayohitaji 3. Mashine itavuta 3 zake, basi. Ule usemi wa "ampea nyingi zimeiunguza" hauna msingi. Kinachounguza ni volti kuzidi, au mwelekeo wa chanya na hasi kugeuzwa. Ampea zikipungua ndipo panakuwa na shida ya namna nyingine, na hiyo nitaieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayowazungusha watu.

Kwanza tusome karatasi iliyobandikwa kwenye adapta. Igeuze adapta upande wenye maandishi, isogeze kwenye mwanga. Mengine yameandikwa kwa herufi za kukukera. Utakuta mstari wa INPUT, tuseme 100-240V, 50/60Hz, 1.5A. Huo unahusu upande wa ukuta. Ukiona 100-240 shughuli imeisha, inafaa kwa umeme wetu. Ukikuta imeandikwa 100V au 120V peke yake, iache huko huko dukani. Ilitengenezwa kwa Japani au Marekani, na ukiichomeka kwenye 230 inaweza kukulipukia. Ile 1.5A ya mstari huu huwa inawapoteza watu, wanadhani ndiyo uwezo wa chaja. Siyo.

Uwezo uko kwenye mstari wa OUTPUT. Mfano: 19.5V, 3.34A, 65W. Kati ya volti na ampea kuna alama ya kistari kilichonyooka na vistari vifupi chini yake, maana yake umeme wa upande mmoja. Toa simu, zidisha: 19.5 mara 3.34 ni 65.13. Imelingana na wati zilizoandikwa. Fanya hesabu hiyo kila unaponunua, haichukui hata nusu dakika. Adapta ya kugushi mara nyingi inajifichua hapo: imeandikwa wati 90, ukizidisha unapata 65, au jina la mtengenezaji halipo na maneno ya Kiingereza yamekosewa herufi.

Pembeni kuna mchoro mdogo wa nukta iliyozungukwa na duara lililokatika, na mistari miwili inayokwenda kwenye alama za kujumlisha na kutoa. Huo unaonyesha chanya iko wapi, ndani ya kichwa au nje. Kwa kompyuta karibu zote utakuta ndani ni chanya. Nasema karibu, kwa sababu vipo vifaa vya muziki, kwa mfano, vilivyogeuza, na adapta zake zinaishia kwenye ndoo ile ile ya dukani.

Ukishaisoma adapta, geuza kompyuta yenyewe usome kilichoandikwa kwenye tumbo lake au karibu na tundu la umeme. Hapo ndipo unapoanzia hata kabla ya kwenda dukani, na ukipiga picha ya ile karatasi umemaliza nusu ya kazi. Dell na HP ndogo kwa kawaida zinataka volti 19.5. Lenovo Tiny zinataka 20. NUC, viboksi vidogo vya Intel, nyingi ni 19. Zile za China zimegawanyika: nyingi ni volti 12, nyingine 19, na kwa kuzitazama nje huwezi kujua.

Tofauti ya 19 na 19.5 isikunyime usingizi, kwa kawaida mashine inaivumilia. Tofauti ya 12 na 19 ndiyo inayoua. Ukiipa mashine ya volti 19 adapta ya 12, aghalabu haitawaka, na hakuna kilichoharibika. Ukiipa mashine ya volti 12 adapta ya 19, unaweza kusikia "pa!", harufu ya kuungua, na hapo hata fundi hodari atakuambia tafuta bodi nyingine. Kinachoudhi ni kwamba mashine hizi mbili mara nyingi zina tundu la aina moja, la kichwa cha duara chenye upana wa milimita 5.5. Kichwa hicho hicho kiko kwenye chaja ya kamera za ulinzi, kwenye baadhi ya ving'amuzi, kwenye ruta. Vyote vinaingia, kila kimoja na volti zake.

Halafu kuna lile tundu la katikati ya kichwa. Vichwa vya 5.5 viko vya tundu la milimita 2.1 na la 2.5. Kwa macho huoni tofauti. Cha 2.1 kwenye pini ya 2.5 hakiingii, ukilazimisha utavunja pini. Cha 2.5 kwenye pini ya 2.1 kinaingia vizuri kabisa, ila kinalegalega, na ukigusa meza kompyuta inazima. Nimewaona watu wakibana kichwa cha namna hiyo kwa kipande cha karatasi ya sigara. Mguso wa kubabaisha unatoa joto na cheche ndogondogo, na kwa hewa yetu ya chumvi chumvi, hasa maduka yaliyoelekea bahari, chuma kilicholegea kinaota kutu ya kijani upesi.

Turudi kwenye ampea pungufu. Kompyuta ndogo iliyowaka na kutulia, hujafungua kitu, huenda inakula wati 10 tu. Ndiyo maana jaribio la dukani halithibitishi lolote. Adapta yenye uwezo wa wati 36 itaiwasha mashine inayohitaji 65, picha itatokea, mtafurahi wote wawili. Nyumbani unafungua kurasa nyingi, video inacheza, umechomeka flashi na kamera, prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, inapandisha kasi. Matumizi yanaruka hadi wati 40, 50. Adapta inazidiwa, volti zinaporomoka, na mashine inazima ghafla bila hata kuaga. Ukiiwasha tena inawaka kama kawaida. Mwenye mashine anaambiwa ni virusi. Anawekewa Windows upya. Anauziwa ramu. Tatizo liko palepale, limelala chini ya meza na lina joto la kutosha kukufanya uondoe mkono.

Taa ya adapta nayo haisaidii. Inakuambia umeme umefika, haikuambii unatosha. Hata mita ya fundi, ukipima adapta ikiwa haijabeba mzigo, itakuonyesha 19 na kitu za kupendeza, kumbe ikipewa kazi inashuka hadi 15.

Kwa hiyo dukani usiishie kwenye kuwaka. Mwombe kijana aiache mashine ikifanya kazi ya kweli kwa robo saa: video yenye picha safi, madirisha mengi, vifaa vimechomekwa. Halafu ishike adapta. Uvuguvugu ni kawaida. Ikiwa huwezi kuishikilia, au inatoa harufu ya plastiki, irudishe ndooni. Ni kweli wauzaji hawapendi, wana wateja wengine. Lakini muuzaji anayekataa kabisa amekwishakupa jibu.

Wati ngapi zinatosha? Angalia kwanza ilikuja na ngapi. Kama hujui, angalia jina la prosesa. Kwenye zile za Intel, yenye herufi T mwishoni, mfano i5-6500T, imepangiwa wati 35. Isiyo na T, i5-6500, imepangiwa 65. Kumbuka hizo ni za prosesa peke yake. Kuna diski, ramu, feni, na kila tundu la USB la kisasa linaweza kutoa karibu wati 4.5 kwa unachochomeka, tena prosesa yenyewe huvuka kiwango chake kwa muda mfupi inapoharakisha. Ndiyo maana mashine ya T huja na adapta ya wati 65, na isiyo na T huja na ya 90 au zaidi. Ukiwa njia panda kati ya mbili zenye volti sawa na kichwa sawa, chukua yenye wati kubwa. Inafanya kazi bila kujikaza na haipati joto sana, na joto ndilo linalofupisha maisha ya vipuri vya ndani.

Na hapana, haitakumalizia LUKU. Adapta ya wati 90 kwenye mashine inayokula 20 haivuti 90 ukutani. Inavuta 20 na chache zinazopotea kwenye kubadili umeme. Tuseme 25. Kwa saa nane za kazi ni uniti 0.2, yaani uniti moja inakutosha siku tano. Skrini na printa ndizo za kuzitilia shaka.

Nimeliacha la Dell, HP na Lenovo kwa sababu lina kisa chake. Vichwa vya Dell na HP, viwe vile vinene vya milimita 7.4 au vyembamba vya 4.5, vina kijipini katikati. Hicho hakipeleki umeme wa kuendeshea mashine. Kinapeleka habari. Kwa Dell, ndani ya adapta kuna kichipu kinachojitaja: mimi ni wa Dell, nina wati kadhaa. Lenovo, zenye kichwa cha mstatili, nazo zina pini ya kazi hiyo. Kompyuta inasikiliza kwanza ndipo inaamua ikimbie au itembee.

Sasa weka adapta ya bei poa ambayo pini yake haisemi kitu, au iliyokatika uzi mwembamba wa ndani. Volti ni sahihi, ampea zinatosha, kichwa ni chenyewe. Mashine ya Dell itaonyesha onyo wakati wa kuwaka kwamba haiitambui adapta, watu wanabonyeza haraka lipite, halafu inapunguza kasi ya prosesa kwa makusudi ili isije ikazidisha mzigo kwenye kitu isichokijua. Haizimi. Inakuwa nzito tu, siku zote. Vichwa vya 4.5 vya Dell na HP vinaingiliana, volti zao ni sawa, lakini namna ya kujitaja haifanani, kwa hiyo kuazimana chaja kati ya jirani wa Dell na jirani wa HP kunaweza kukuletea uzito huo. Kama mashine yako ilikuwa nyepesi ikawa nzito tangu siku uliyobadili chaja, usihangaike na ramu.

Kwa sababu hiyo hiyo, kukata kichwa kizuri na kukiunga kwenye chaja nyingine, kazi ambayo mafundi wetu wanaiweza sana, kunahitaji uangalifu kwa mashine hizi. Ndani ya waya kuna nyuzi tatu, na ule mwembamba wa habari ukiungwa na wa umeme unaweza kuua kichipu au saketi inayokisikiliza. Rangi za nyuzi pia si za kuaminiwa. Fundi apime kwa mita kabla ya kuchomeka.

USB-C imeleta nafuu kidogo na mkanganyiko wake. Chaja za mfumo wa PD, ule wa chaja na kifaa kuongea kwanza, zinaanza na volti 5, kisha zinakubaliana na kifaa kupanda 9, 15 au 20. Hapo kuunguza kwa volti si rahisi. Lakini si kila tundu la USB-C kwenye kompyuta linapokea umeme, mengine ni ya data na picha tu. Chaja ya simu ya wati 25 haitaiendesha mashine ya 65 hata tundu likikubali, na kwa zaidi ya wati 60 waya wenyewe lazima uwe wa ampea 5. Waya wa jero wa mtaani si huo.

Wengine wananiuliza kuhusu kutekenywa. Unagusa ganda la chuma la kompyuta, vidole vinawashawasha. Wengi wanakimbilia kubadili adapta. Mara nyingi adapta ni nzima. Nyumba ndiyo haina waya wa ardhini, au plagi ya pini tatu imepitishwa kwenye kibadilishi cha pini mbili. Adapta nyingi za pini tatu zina vipuri vinavyovujisha umeme kidogo sana kuelekea ardhini, na ardhi isipokuwepo, huo kidogo unakutafuta wewe. Nyumba nyingi za zamani za katikati ya mji zina shida hii. Mwite fundi wa umeme apime ardhi. Ila ukipigwa shoti ya kurusha mkono, hiyo si kutekenywa. Chomoa, usiitumie tena.

Bado kuna wenye sola, kuanzia Pongwe hadi Mwambani, wenye mashine ya volti 12 na betri ya volti 12, wanaoona njia ya mkato ya kuunganisha moja kwa moja. Betri hiyo haikai 12. Ikiwa inachajiwa mchana inapanda hadi 14 na zaidi, usiku ikichoka inashuka hadi 11. Baadhi ya mashine zinavumilia, nyingine hazivumilii, na karatasi ya tumboni ikisema 12V tu usibahatishe. Weka kati yao kifaa cha kutuliza volti, kinachopokea zinazoyumba na kutoa 12 zilizotulia. Kwa mashine ya 19 kuna kinachopandisha, kile kile wanachotumia wenye magari kwa laptop zao. Vile viboksi vidogo vya kulindia ruta umeme ukikatika havifai, vingi vinatoa ampea 2 kwa volti 12, sawa na wati 24, na hesabu yake unaijua sasa.